Kupima Pembe kwa Bakuli, Glasi na Konzi

Ukivuka daraja la mto Tshopo na kuiacha Kisangani nyuma yako, barabara ya Buta huingia msituni na kubaki humo. Baada ya kilometa hamsini hivi unafika Bengamisa, katika eneo la Banalia, mahali pa mpunga, mihogo na michikichi, na makao ya chuo cha kilimo ambacho watu wa Kisangani hukitaja kwa herufi zake tu: ISEA. Ikweta iko karibu sana. Ukihesabu latitudo ya Bengamisa, hata digrii moja haijatimia.

Tuseme mwanafunzi wa chuo hicho ametumwa kupima urefu wa limbali, mti uliojaa tele katika misitu hii. Kuupanda na tepu mkononi hawezi. Anafanya kama wapimaji wote walivyofanya tangu zamani: anajitenga na shina mita 30, anaelekeza kifaa cha kupimia pembe kwenye kilele, anasoma digrii 38. Kisha anatoa kikokotoo mfukoni, anaingiza 38 na kubonyeza tanjenti, na kioo kinaandika 0.7812856265. Anazidisha kwa 30, anaongeza mita 1.6 za kimo cha jicho lake mwenyewe, anapata mita 25.04. Limbali bado kijana.

Kati ya kubonyeza na kusoma jibu, muda uliopita haufiki kupepesa jicho. Nimeishi miaka mingi nikiamini kwamba ndani ya muda huo hakuna kitu cha kutazama. Nilikuwa nimekosea sana, na tangu nilipoonyeshwa kinachofanyika humo sijaacha kukistaajabia.

Watu wengi ukiwauliza kikokotoo kinajuaje tanjenti ya 38, watakuambia kina jedwali ndani yake. Ni dhana ya haki, maana binadamu mwenyewe ndivyo alivyofanya kwa karne nyingi. Msafiri Stanley alipofika kwenye maporomoko ya Boyoma Januari 1877, pamoja na waungwana waliotoka naye Unguja, alikuwa akipima jua kwa sekstanti, na kupima jua bila kitabu cha majedwali ni kazi bure. Lakini majedwali hayo hayakuanguka kutoka mbinguni. Yalitengenezwa kwa mikono, tarakimu moja baada ya nyingine. Kule Samarkand, katika karne ya 15, mwanahisabati al-Kashi alitafuta sini ya digrii moja kwa njia ya kurudiarudia: unakisia, unapitisha kisio lako katika hesabu, linatoka limesafishika zaidi, unalipitisha tena. Digrii moja tu! Ndiyo iliyowasumbua mabingwa, kwa sababu digrii 30 na 45 zinapatikana kwa jiometria ya kawaida, ila hiyo moja haipatikani hivyo.

Hapa naomba niligeukie neno lenyewe kidogo, kwa kuwa linatuhusu. Wahindi wa kale waliita kipimo hiki jya, yaani upote wa upinde. Waarabu walilichukua neno wakaliandika kwa konsonanti zake tu, na baadaye likasomwa jaib: mkunjo wa vazi, kifua cha nguo, mfuko. Mswahili wa pwani anayesema jeibu kwa maana ya mfuko wa kanzu anatamka neno hilohilo. Katika karne ya 12 watafsiri wa Kilatini waliliona jaib, wakalitafsiri kwa neno lao la mkunjo, sinus, na ndilo ambalo mwanafunzi wa Bengamisa anafundishwa leo kwa Kifaransa. Upote ukawa mfuko, mfuko ukawa sinus. Tuuweke upote huo akilini, tutauhitaji.

Turudi kwenye mashine. Mwaka 1972 kampuni ya Hewlett-Packard ilitoa HP-35, kikokotoo cha kwanza cha mkononi kilichojua sini, kosini na tanjenti. Kilikuwa na vitufe 35 na kiliuzwa dola 395. Bill Hewlett alitaka kiingie katika mfuko wa shati, na kikaingia: jaib ikarudi jeibuni. Maagizo yote yaliyohifadhiwa ndani yake, ya kujumlisha, kutoa, kuonyesha tarakimu, kupata logi na vipeo na trigonometria yote, yalikuwa 768 tu. Nafasi ya jedwali haikuwepo. Na mashine yenyewe haikujua kuzidisha! Ilijua kujumlisha, kutoa, na kusogeza nukta ya desimali kushoto au kulia. Kuzidisha kwake kulikuwa kujumlisha kwa kurudiarudia, na kugawanya kulikuwa kutoa kwa kurudiarudia.

Mwalimu wa chuo kikuu angependekeza mfululizo maarufu wa sini: chukua pembe, toa kipeo chake cha tatu kilichogawanywa kwa 6, ongeza cha tano kilichogawanywa kwa 120, endelea. Ni hesabu nzuri ubaoni. Kwa mashine isiyojua kuzidisha ni mzigo usiobebeka.

Njia iliyotumika ilikuwa imezaliwa mahali pengine kabisa. Katika miaka ya 1950, mhandisi Jack Volder alifanya kazi Convair, Fort Worth, Texas, iliyounda ndege ya kivita B-58. Ndege hiyo ilihitaji kujua iliko kila wakati, na hesabu hizo za pembe zilifanywa na vifaa vya sumaku na nyaya vilivyozunguka, ambavyo usahihi wake una kikomo. Volder alitakiwa kutafuta namna ya kuzifanya kwa tarakimu. Fununu aliipata katika fomula za trigonometria za kitabu cha rejea cha wanakemia na wanafizikia, toleo la 1946. Ripoti yake ya ndani aliiandika 1956, na dunia ikaisoma 1959. Njia hiyo inaitwa CORDIC. Mwaka 1962 J. E. Meggitt wa IBM alionyesha namna ya kuifanya kwa hesabu ya kumi-kumi, na David Cochran, aliyeandika programu za HP-35, akaiingiza humo.

Sasa niieleze kama nilivyoielewa, kwa mpunga.

Muuzaji ana gunia la mpunga na anataka kujua ni kiasi gani. Anachota kwa bakuli, bakuli, bakuli, mpaka kilichobaki hakijazi bakuli. Hapo anashika glasi, anachota mpaka kisichojaza glasi kibaki. Mwisho anahesabu konzi. Ameupima mpunga wake bila mizani, na hesabu yake inasomeka: bakuli kadhaa, glasi kadhaa, konzi kadhaa.

Kikokotoo kinapima pembe vivyo hivyo. Vyombo vyake ni pembe chache zilizohifadhiwa, na kuchaguliwa kwake ndiko uliko ufundi wote. Chombo cha kwanza ni pembe ambayo tanjenti yake ni 1, yaani digrii 45. Cha pili ni pembe ambayo tanjenti yake ni 0.1: digrii 5.710593. Cha tatu, tanjenti 0.01: digrii 0.572939. Kisha 0.0572958, kisha 0.00572958, kisha 0.000572958. (Mashine hugeuza digrii kuwa radiani kwanza, mimi nabaki na digrii ili tuonane.) Tazama tarakimu hizo. Vyombo vya chini vinafanana, nukta tu inasogea. Kadiri pembe inavyopungua, ndivyo upinde unavyonyooka na kulala juu ya upote wake, mpaka huwezi kuvitenganisha. Ndiyo maana kikokotoo hakihitaji kuhifadhi vyombo vingi: baada ya vichache vya kwanza, kusogeza nukta kunatosha.

Tupime digrii 38. Chombo cha 45 ni kikubwa mno: mara 0. Cha 5.710593 kinaingia mara 6, zinabaki digrii 3.736441. Cha 0.572939 kinaingia mara 6, inabaki 0.298809. Kinachofuata mara 5, inabaki 0.012330. Kinachofuata mara 2, inabaki 0.000871. Cha mwisho mara 1, na inabaki 0.000298, konzi isiyojaa. Kwa hiyo mti wetu unasomeka 0, 6, 6, 5, 2, 1. Mpaka hapa mashine haikufanya kitu ila kutoa.

Kwa nini vyombo hivi na si vingine? Pembe ya digrii 5 kamili ingependeza zaidi machoni. Jibu ndilo lililonifanya niweke kalamu chini kwa muda.

Chora mshale ulionyooka kuelekea mashariki, urefu wake 1. Mshale wowote una namba mbili: umeenda mashariki kiasi gani, na umeenda kaskazini kiasi gani. Tanjenti ya pembe yake ni kaskazini kugawanya kwa mashariki. Ukitaka kuugeuza mshale kwa pembe ya kawaida, lazima uzidishe namba zake kwa sini na kosini za pembe hiyo, yaani uwe tayari na kile unachokitafuta. Lakini ukiugeuza kwa pembe ambayo tanjenti yake ni 0.1, kazi ni hii tu: chukua sehemu ya kumi ya kaskazini uitoe kwenye mashariki, chukua sehemu ya kumi ya mashariki uiongeze kwenye kaskazini. Sehemu ya kumi ni kusogeza nukta. Kutoa na kuongeza mashine inaweza. Pembe zilichaguliwa zilingane na mkono dhaifu wa mashine, na mkono huo ukatosha.

Kuna kasoro moja. Kila ukigeuza mshale hivyo, unarefuka kidogo, kama uzi wa mpira. Fundi asiye na subira angesimama hapo kuusahihisha kila mara, na kusahihisha ni kuzidisha. Cochran aliuacha urefuke. Tanjenti ni mgawanyo wa namba mbili za mshale uleule, na mshale ukirefuka zote mbili zinarefuka kwa kiasi kimoja. Zikigawanywa, urefu unajifuta. Nimeona maseremala wakifanya hivi: hawanyooshi kila ubao kwanza, wanajua ni pengo lipi litazibwa na ungio lenyewe. Sini, ikihitajika, inatokana na tanjenti hiyohiyo mwishoni.

Basi nilikaa na karatasi nikaugeuza mshale wa limbali. Unaanza na mabaki. Ile konzi ya digrii 0.000298 ni ndogo hata upinde na upote wake ni kitu kimoja, kwa hiyo tanjenti yake ni pembe yenyewe kwa radiani: 0.0000052. Huo ndio mwanzo: mashariki 1, kaskazini 0.0000052. Kisha unarudi kwenye ile hesabu ya vyombo kutoka mwisho: geuza mara 1 kwa kile kidogo kabisa, mara 2 kwa kinachofuata, mara 5, mara 6. Mizunguko hii 14 ya kwanza haina tukio. Kaskazini inakua polepole, mashariki inapungua kwa tarakimu za mbali, na baada yake mshale uko mashariki 0.998176, kaskazini 0.065187. Ndipo inakuja ile mizunguko 6 ya chombo kikubwa, na unauona mshale ukiinuka kweli: kaskazini 0.165, halafu 0.264, halafu 0.362, 0.457, 0.548. Ulipotua, mashariki ilikuwa 0.812134 na kaskazini 0.634509. Nikagawanya. 0.781286.

Ilinichukua kurasa mbili na karibu saa nzima, pamoja na kosa moja la kutoa lililonilazimu kurudi nyuma. HP-35 ilitumia karibu nusu sekunde, na tarakimu zake ni kumi.

Njia ya awali ya Volder, iliyotengenezwa kwa mashine zinazohesabu kwa mbili-mbili, ina uzuri wa aina nyingine, na nakiri kwamba sijaamua ni ipi naipenda zaidi. Yeye hahesabu mara ngapi chombo kinaingia. Vyombo vyake ni pembe ambazo tanjenti zake ni 1, nusu, robo, thumuni na kuendelea: digrii 45, 26.565, 14.036, 7.125, 3.576. Kila kimoja kinatumika mara moja tu, lazima, ama kwenda mbele ama kurudi nyuma. Kwa 38 mshale unaenda 45, umepita. Unarudi mpaka 18.435, unaenda 32.471, unaenda 39.596, umepita tena, unarudi 36.020. Ndivyo anavyokwenda mtu wa mtumbwi mwenye kafi moja katika maji ya kasi, anapiga kushoto, anapiga kulia, kila pigo dogo kuliko lililotangulia, na mtumbwi unalenga gati. Na kwa kuwa kila pigo hupigwa bila kuruka hata moja, iwe mbele iwe nyuma, mshale hurefuka kwa kiasi kilekile kwa pembe yoyote duniani: mara 1.646760. Volder alijua hilo kabla ya kuanza. Basi akaanza na mshale uliokatwa mapema, wenye urefu 0.607253, ili ukirefuka utue kwenye 1 kamili, na sini na kosini zisomeke moja kwa moja, bila kugawanya. Fundi cherehani anayejua kitambaa chake kitapungua kiasi gani kikifuliwa hufanya hesabu ya namna hiyo anapokata.

Mwaka 1971 John Walther wa Hewlett-Packard alionyesha kwamba mizunguko hiyohiyo, ikibadilishwa kidogo sana, inatoa pia logi, vipeo, vipeuo vya pili, hata kuzidisha na kugawanya. Sitaingia huko. Ila ni vema kusema kwamba ufundi huu haukuwakinga mabingwa wake na makosa. Baada ya HP-35 kuanza kuuzwa iligunduliwa kwamba ukichukua logi asilia ya 2.02 kisha ukairudisha kwa kipeo, unapata 2 kamili. Sehemu mbili za mia zimeyeyuka njiani. Kampuni iliwaandikia wanunuzi na kukubali kuwarekebishia. Katika maagizo 768 yaliyobanwa namna ile, moja likikaa vibaya hakuna jingine la kulificha.

Leo kuzidisha ni rahisi ndani ya kompyuta kubwa, na nyingi hutumia polinomia, ukoo wa ule mfululizo wa ubaoni uliokatwa na kunolewa. Lakini katika vikokotoo CORDIC haikuondoka. Texas Instruments imeeleza kwamba vikokotoo vyake karibu vyote vimeitumia. Pale ambapo umeme ni wa betri ndogo na saketi lazima iwe ya bei nafuu, kujumlisha na kusogeza nukta bado kunatosha.

Kuna jambo lililobaki, na ndilo lililonirudisha Bengamisa. Baada ya kumaliza limbali nilitaka kupima ile pembe ya al-Kashi, digrii moja, ambayo ni karibu umbali wote uliopo kati ya Bengamisa na ikweta. Nikachukua vyombo. 45, mara 0. Cha 5.710593, mara 0. Cha 0.572939, mara 1, inabaki 0.427061. Kinachofuata, mara 7. Kinachofuata, mara 4. Kinachofuata, mara 5. Nikaandika safu yangu pembeni mwa karatasi: 0, 0, 1, 7, 4, 5.

Sini ya digrii moja ni 0.017452. Tanjenti yake ni 0.017455. Mshale wangu ulikuwa bado umelala mashariki, sijaugeuza hata mara moja.